Kasi Inayouzwa bila Mizani

Katika bidhaa zote ambazo mwananchi wa leo huzinunua kwa fedha yake ya kila siku, hapana hata moja inayonunuliwa kwa imani tupu kama kasi ya intaneti. Maana aendaye dukani kununua sukari huiona mizani juu ya meza, naye akishuku huweza kudai sukari yake ipimwe tena mbele ya macho yake, lakini anunuaye bando huambiwa idadi ya gigabaiti na siku za kwisha kwake, asiambiwe hata kwa neno moja kama gigabaiti hizo zitamfikia kwa mbio au kwa kutambaa, wala kama zitamfikia akiwa ndani ya chumba chake au mpaka atoke uani. Wingi wa bidhaa umepimwa na muda wake umehesabiwa. Ubora wake ndio ulioachwa nje ya mapatano. Na madhali ubora haumo katika mapatano, kampuni za simu hushindana kwa bei na kwa matangazo, na mnunuzi huachiwa kuhukumu baina yao bila ya ushahidi.

Dalili ya upungufu huu imo mifukoni mwetu. Tanzania na Kenya ni jambo la kawaida mtu mmoja kuwa na laini mbili au tatu katika simu moja, na wako wasemao kuwa huo ni werevu wa kuwinda bei rahisi. Ni kweli kwa sehemu. Walakini ukimwuliza muuza nguo wa Kariakoo apokeaye malipo kwa simu kutwa nzima, au mkulima wa korosho wa Tandahimba anayengoja habari za mnada, atakwambia kuwa laini ya pili ameiweka kwa sababu ya kwanza hupotea. Yaani mtu wa kipato kidogo amejikatia bima kwa gharama yake mwenyewe, ajikinge na upungufu wa huduma ambayo amekwisha kuilipia. Nami naihesabu laini hiyo kuwa ni dhuluma ndogo inayorudiwa kila mwezi.

Ili mtu aweze kudai haki yake hapana budi aijue njia inayopitwa na kitu anachokinunua. Afunguapo video katika simu yake, simu husema na mnara ulio jirani kwa mawimbi ya redio. Mnara hulipokea ombi lake na kulipeleka mbele, ama kwa maikrowevu zinazorushwa kutoka mnara hadi mnara, ama kwa waya wa faiba uliofukiwa ardhini, mpaka kwenye vituo vikuu vya kampuni. Huko ombi hushika Mkongo wa Taifa, yaani njia kuu ya faiba ya nchi, au mkongo mwingine mpaka pwani, na pwani huingia katika mkongo wa baharini uendao Ulaya, Ghuba au Afrika Kusini, isipokuwa kile kinachotafutwa kiwe kimekwisha kuhifadhiwa hapa hapa nchini. Safari hiyo yote, kwenda na kurudi, hutakiwa imalizike kwa kufumba na kufumbua, na kasi ya safari nzima haiwezi kuzidi ile ya mahali palipo pembamba kuliko pote njiani. Mnara mpya uliojengwa kwa fedha nyingi haumfai mtu kitu ikiwa nyuma yake kuna njia ya maikrowevu iliyoelemewa. Wala mkongo mpana wa baharini hausaidii kijiji ambacho mnara wake huzimika dizeli ya jenereta inapokwisha.

Tuanze na hewa. Mawimbi ya masafa ya chini, kama yale ya megahezi 700, 800 na 900, huenda mbali, hupenya kuta na kuvumilia vilima, lakini mzigo wayabebao ni mdogo. Yale ya juu, kama ya megahezi 2600 na 3500, hubeba mzigo mkubwa mno, lakini nguvu zake huisha karibu, na hudhoofishwa na ukuta, na bati, na hata majani mabichi ya miembe. Mkazi wa Mji Mkongwe wa Unguja, ambaye nyumba yake ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, huweza kuwa na mtandao wa mbio barazani na kuukosa kabisa katika chumba cha ndani, ilhali mnara ni ule ule na kampuni ni ile ile. Kwa hiyo ramani za kampuni zinazopakwa rangi moja kutoka Tanga hadi Kigoma humweleza mtu mahali ambapo mawimbi yanafika, zisimweleze kama yanafika na nguvu ya kufanyia kazi.

Masafa haya ni mali ya umma, nayo serikali huyakodisha. Oktoba 2022 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, iliyapiga mnada masafa ya megahezi 700, 2300, 2600 na 3500. Hayo ya 700 ni hidaya iliyotokana na kuzimwa kwa televisheni za analojia, kazi iliyoanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012: njia ya hewa iliyokuwa ikibeba picha za televisheni ilikuja kuwekwa tayari kubeba intaneti ya mashambani, na katika mambo yote yaliyofanywa juu ya mawasiliano katika miaka hiyo, sidhani kama liko lililokuwa na faida ya mbali zaidi kwa mtu wa kijijini kuliko hilo.

Baada ya hewa kuna ugawaji. Uwezo wa mnara haumhusu mtu mmoja; hugawanywa kwa wote waliomo katika eneo lake kwa wakati ule ule. Saa tisa ya usiku, watu wakiwa wamelala, mmoja aliye macho hupata karibu uwezo wote. Baina ya saa mbili na saa nne za usiku, wakati ambapo watoto wa shule, wapenzi wa mpira na wafanyabiashara wanaofunga hesabu wote wamo mtandaoni, kila mmoja hupata chembe. Ndipo utawasikia watu wakisema kuwa mtandao unasumbua, au kwamba video inazunguka tu. Mhandisi hakosi kuujua wakati huo, kwa maana kampuni hupima msongamano wa kila mnara kila saa, na dawa yake inafahamika: kuongeza masafa katika mnara, kujenga minara mingine katikati ya ile iliyopo ili kila mmoja uhudumie watu wachache, na kuuvutia mnara waya wa faiba mahali pa maikrowevu. Hii dawa ya tatu ndiyo iliyo ghali na ndiyo isiyoonekana, kwa kuwa hapana mtu anayepiga picha mbele ya mtaro uliokwisha kufukiwa; lakini kwa yakini ndiyo inayoamua, na khasa wakati wa masika, ambapo mvua kubwa hudhoofisha baadhi ya maikrowevu na kuuacha mnara ukisimama mzima bila ya njia ya kupeleka unachopokea.

Na nyuma ya yote hayo iko bahari. Pwani hii haikuanza jana kufungwa kwa waya na ulimwengu: mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulitandazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja na kuendelea kusini mpaka Durban. Walakini kwa intaneti tulichelewa, na hadi mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 36,000, ambako kila swali na jibu lake vilihitaji kiasi cha nusu ya sekunde angani hata kama anga lilikuwa safi, na bei yake ilikuwa ya watu wa maofisi makubwa tu. Mwaka huo ndipo mkongo wa TEAMS ulipoiunganisha Mombasa na Fujairah katika Ghuba, na Julai ukafunguliwa ule wa SEACOM uliofika Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2010 ukafuata EASSy, wenye urefu wa kiasi cha kilomita 10,000 kutoka Afrika Kusini hadi Sudan. Na wakati huo huo Tanzania ilikuwa imekwisha kuanza kujenga Mkongo wa Taifa wa bara. Agosti 2023 mkongo mkubwa wa 2Africa nao ulifikishwa Dar es Salaam kwa mkono wa Airtel.

Thamani ya nyaya hizi ilidhihirika siku zilipokatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, SEACOM na EASSy, ilikatika kwa pamoja upande wa kusini baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, ilhali tangu Februari mwaka huo baadhi ya mikongo ya Bahari ya Shamu nayo ilikuwa imejeruhiwa. Na kwa siku kadhaa Tanzania na jirani zake walipata intaneti ya kusuasua, benki zikapata taabu, na watu wakalaumu kampuni zao moja moja, wasijue kwamba kampuni zinazoshindana vikali barabarani hukutana zote katika nyaya zile zile chache chini ya bahari. Kampuni iliyokuwa imenunua nafasi katika mikongo mingi iliumia kidogo; iliyotegemea mmoja au miwili iliumia sana. Hilo ni jambo la ubora kama lilivyo jambo la kasi, na mnunuzi anastahili kulijua kabla ya msiba.

Sasa tuje kwenye ushindani wenyewe, ambao baadhi ya watu huusifu kana kwamba unatosha peke yake, na wengine huulaumu kana kwamba hauna fadhila. Kenya ilitoa somo lake mwaka 2010, pale mdhibiti alipopunguza ada ambayo kampuni moja huilipa nyingine kwa kupokewa simu zake, kutoka shilingi 4.42 za Kenya hadi 2.21 kwa dakika, na mwezi Agosti Zain, ambayo baadaye mwaka huo iliitwa Airtel, ikashusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, wengine wakafuata kwa haraka. Wananchi walifurahi, nao walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini bei inaposhuka chini ya gharama ya kujenga, fedha ya kuchimba mitaro na kuongeza minara hutoka wapi? Kampuni ya yu iliondoka sokoni mwaka 2014, wateja wake wakaenda Airtel na mitambo yake ikaenda Safaricom. Upande wa Tanzania, Zantel ilimezwa na Tigo, na Tigo yenyewe ikanunuliwa na Axian mwaka 2022, leo ikijulikana kwa jina la Yas. Ushindani wa bei peke yake humla mshindani, na soko likibaki na wawili wakubwa, mnunuzi hurudi alikotoka.

Uko ushindani wa namna nyingine, ambao ndio ninaoutetea. Halotel ilipoingia Tanzania mwaka 2015 haikugombea mitaa ya Dar es Salaam peke yake, bali ilitandaza nyaya zake za faiba kwa maelfu ya kilomita na kusimamisha minara vijijini ambako wenzake walikuwa hawajafika au walifika kwa kusitasita. Jirani zetu wa Nairobi nao waliona mfano ulio bora: huduma ya setilaiti za karibu ya Starlink ilifunguliwa Kenya Julai 2023, nazo setilaiti hizo, kwa kuwa huzunguka kwenye kimo cha kiasi cha kilomita 550 tu, hazina ule uzito wa majibu uliozidhoofisha zile za zamani. Julai 2024 Safaricom ilimwandikia mdhibiti ikitaka watoa huduma wa setilaiti wapewe ruhusa kwa kupitia kampuni zilizokwisha kuwa na leseni nchini. Na Septemba, bila ya kungoja, ikawaongezea kasi wateja wake wa faiba majumbani kwa bei ile ile, aliyekuwa na megabiti 10 kwa sekunde akapewa 15, wa 40 akapewa 80, wa 100 akapewa 500. Msomaji alitazame jambo hili kwa insafu. Uwezo huo haukuteremka kutoka mbinguni mwezi ule. Sehemu kubwa ya nyaya zilikuwa zimekwisha kufukiwa, na kilichopungua kilikuwa ni mpinzani wa kumfanya mwenye nyaya azifungue. Wala faida ya mpinzani haina mwisho mwema daima, kwa maana miezi michache baadaye Starlink yenyewe ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi kwa sababu uwezo wake katika mji huo ulikuwa umejaa, na kanuni ya ugawaji ikawa ile ile, angani kama ardhini.

Mintarafu ya 5G, iliyofunguliwa na Vodacom Tanzania Septemba 2022, na Safaricom ya Kenya kibiashara Oktoba mwaka huo huo, neno langu ni fupi. Ni kazi adhimu, na mahali palipo na faiba hadi mnarani na msongamano wa watu, kama katikati ya Dar es Salaam, huwapunguzia mzigo hata wale wanaobaki katika 4G. Lakini simu zinazoipokea bado ni ghali kwa walio wengi, na mtu mwenye 4G iliyoshibishwa faiba yuko katika hali njema kuliko mwenye 5G iliyofungwa kwenye njia nyembamba. Herufi iliyo juu ya kioo cha simu hutaja aina ya mtambo tu, haitaji kiasi cha mali utakayoipata.

Na kuna sehemu ambazo ushindani hautafika kamwe kwa hiari yake. Kata yenye kaya chache zilizotawanyika, isiyo na umeme wa gridi, ambako jenereta lazima inyweshwe dizeli inayopandishwa kwa barabara ya matope, haimlipi mwenye mnara hata akiwa peke yake, seuze wakiwa wawili. Kwa sababu hiyo sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hutoa ruzuku ili kampuni zijenge pasipo na faida. Na Mei 2023 hapo Dodoma ilitiwa saini mikataba ya minara 758 katika kata 713. Nauunga mkono mpango huu kwa moyo wote, kwa kuwa mjamzito wa kijijini anayetaka kuita gari la wagonjwa anauhitaji mtandao kuliko mtu wa mjini anayetaka kutazama tamthilia. Agosti 2022 intaneti ilipandishwa Mlima Kilimanjaro, kwa usalama wa wapandao na kwa sifa ya nchi, na hilo ni jema. Nami ningependa kuona juhudi ile ile, na shangwe ile ile ya wakubwa, katika kila kata inayowashiwa mnara kwa mara ya kwanza. Jambo la kuangaliwa kwa hadhari ni hili, kwamba mnara wa ruzuku usihesabiwe kuwa umekamilika siku ya kuzinduliwa. Mnara wenye 2G tu, au unaozimika usiku betri zikichoka, umeandikwa katika hesabu ya waliofikiwa, na waliofikiwa wenyewe hawana habari.

Tunarudi kwenye swali la kipimo. Wadhibiti hupima: TCRA inazo kanuni za ubora wa huduma za mwaka 2018, na hutazama kama simu zinaunganika, kama zinakatika katikati ya mazungumzo, kama sauti inasikika, na data inakwenda kwa kasi gani, na kuchapisha matokeo; nayo Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya imeweka alama ya asilimia 80 iwe ndiyo ya kufaulu, na miaka ya nyuma kampuni zimewahi kuikosa. Hii ni kazi ya haki. Lakini aghalabu hupimwa barabarani, kwa magari yapitayo na vyombo vyake, ilhali watu huishi ndani ya nyumba; na wastani wa mkoa mzima huuficha mtaa mmoja ulioachwa gizani. Rai yangu ni kwamba matokeo yachapishwe kwa kata, kwa saa za msongamano, na kwa lugha ambayo mwenye duka la vocha anaifahamu, na kwamba kila tangazo la kasi lilazimishwe kutaja, karibu na ile kasi ya juu kabisa, kasi ya kawaida ya saa tatu ya usiku. Hapa Tanzania, mwaka 2021 bei mpya za vifurushi zilipopanda mwezi Aprili, kelele za wananchi zilitosha kuifanya serikali izisimamishe. Nguvu ile ile haijatumika bado juu ya ubora, kwa sababu kila mtu huiona bei, na ubora hauonyeshwi kwa mtu yeyote.

Mpaka hapo utakapoonyeshwa, msomaji aupime mwenyewe. Programu za kupimia kasi ni za bure, ingawa nazo hutumia bando kidogo. Pima asubuhi, mchana na saa tatu ya usiku, ndani ya nyumba na nje, na uangalie hesabu tatu: kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, na muda wa kungoja jibu, ambao ndio unaoharibu mazungumzo ya video hata pale kasi inapoonekana kubwa. Kumbuka kuwa kampuni hutangaza kwa megabiti na faili hupimwa kwa megabaiti, na megabiti 8 ni sawa na megabaiti 1, ili usimdai mtu asichokuahidi. Wasaili majirani wa mtaa wako, si tangazo, juu ya kampuni iliyo bora hapo mlipo. Ukiamua kuhama, namba yako ni yako, maana haki ya kuhama nayo ilianza Kenya Aprili 2011 na Tanzania Machi 2017. Ila utoe kwanza fedha iliyomo katika simu na umalize muda wa maongezi, kwa kuwa salio halihami pamoja na namba. Na ukiwa huna pa kuhamia, kwa sababu mnara ulio karibu ni mmoja tu, andika malalamiko yako pamoja na tarehe, saa, mahali na kipimo ulichokipata, uyapeleke kwanza kwa kampuni, na yakipuuzwa uyapeleke kwa mdhibiti, ambaye amepewa na sheria wajibu wa kuyasikiliza.